Kitambaa cha Kaki

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, la zamani, maandishi yake yamekwaruzika hata hayasomeki, na kifuniko chake kimekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilikabidhiwa kule Busi, kijijini kwao marehemu, siku ya tatu baada ya kumzika Mzee Sefu, nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wa pale tukichambua mchele wa hitima. Mwanawe mkubwa alinifuata, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu ileile ya baba yake, akasema, "Shangazi Tabitha, marehemu aliagiza hili upewe wewe mkononi. Alisema mtu mwingine asilifungue." Wanawake wakanitazama. Mgogo, Mkristo, mtu wa Dodoma mjini, ana nini na kopo la marehemu? Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujitakia, nikalitikisa kidogo karibu na sikio. Chuma kikagonga bati. Nilijua kilichomo kabla hata sijatikisa, ila nilikuwa bado natumaini ni kitu kingine.

Nyumbani kwangu Nkuhungu nililiweka juu ya meza ya chakula, na siku nne nzima nikapakua wali na mboga nikilizunguka. Binti yangu alitaka kulitupa, nikamfokea hadi akashangaa. Wanangu wananijua kama mama aliyestaafu stoo ya serikali, mkali wa mahesabu ya misumari na rangi, asiyepanda ndege hata akikatiwa tiketi. Hilo la ndege wanalitania kila Krismasi. "Mama anaogopa mawingu," wanasema, nami nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba nilisomea kutengeneza ndege, kwamba nilizipenda kupita kiasi, na kwamba niliziacha katika mwaka mmoja ambao nimeufunga kama Mzee Sefu alivyofunga kopo lake. Siku ya tano nikafungua. Ndani kulikuwa na msumari wa inchi nne uliopindwa kichwani, na kitambaa cha kaki kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Mshono ni wangu. Hata leo nashona vibaya vilevile.

Chuo chetu cha urubani, na neno chuo lilikuwa kubwa kuliko chenyewe, kilikuwa na ndege mbili ndogo, moja ya kurusha na moja ya kutolea vipuri, karakana ya mabati, na njia ya kurukia ya changarawe iliyokatwa katikati ya vichaka vya miiba nje kidogo ya mji. Nilipita pale mwaka jana, nikakuta nyumba zina vigae na mageti, nikashindwa kutambua njia ilianzia wapi na kuishia wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, msichana pekee katika ufundi. Tulilala kwenye jengo refu la tofali za kuchoma, na chumba changu kilipakana na jiko. Ukuta haukufika juu hadi kwenye paa, kwa hiyo kila neno la jikoni lilinifikia pamoja na moshi. Ndivyo nilivyomjua Nehemia kabla sijamzoea: sauti ya mwanafunzi wa urubani akisonga ugali wa uwele na kujikumbusha orodha yake ya ukaguzi. "Mafuta, sawa. Mkanda, sawa. Usukani, huru." Kisha mwiko unagonga sufuria, kisha anaanza upya. Nilikuwa nalala kitandani nikimsikiliza, na nikiri tu, nilikuwa nikitabasamu.

Alitoka Kibakwe, milimani, na kila akienda kwao alirudi na maharage ya njano kwenye mfuko wa mbolea. Sisi wa huku chini tulimtania kwamba watu wa kwao wamezoea kuishi juu, ndiyo maana hatoshelezwi na ardhi. Tulikula maharage yale kwa ugali, na yakiisha tulirudia mlenda wetu, sote tumezunguka sinia moja, vidole vinateleza. Nehemia hakuwa mwoga. Naliandika hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Nilimwona akikamata nyoka aliyeingia karakanani, nikamwona akimjibu mkufunzi wetu, Kapteni Joakimu, mbele ya wote kwamba amekosea hesabu ya upepo, na kweli alikuwa amekosea. Kapteni alikuwa mtu wa kujibiwa. Mzee Sefu hakuwa.

Mzee Sefu alikuwa fundi mkuu wetu. Hakupandisha sauti hata mara moja, na kila mwisho wa mwezi aliporudi kutoka kwao aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akisema binti wa ufundi anahitaji mifupa. Neno lake lilikuwa mwisho. Kuna mwanafunzi mmoja wa Dar alipima mafuta ya injini baada ya Mzee Sefu kusema ameshapima. Mzee hakumgombeza. Aliiacha chai yake juu ya benchi ikapoa, akaenda kukaa nje, na siku tatu hakuzungumza na mtu. Mimi na Nehemia ndio tuliokwenda kumwombea radhi yule kijana. "Anajifunza, baba, tusamehe." Kapteni alipopata habari alitukusanya akatuambia hata baba yako mzazi akisema amekagua, wewe kagua. Tukaitikia, "Ndiyo, Kapteni." Lakini tulikuwa tumelelewa na watu, na baada ya siku ile hakuna aliyegusa kitu ambacho Mzee Sefu ameshakigusa.

Sasa habari ya msumari. Kiangazi cha Dodoma kina upepo usio na adabu. Ndege tuliilaza nje, tukaifunga kamba kwenye mapipa yaliyojazwa zege, na ili upepo usipige mkia wake huku na huku hadi uvunjike, tulifunga usukani kwa ndani. Usukani wa ndege ile unavutwa kifuani ili pua inyanyuke, na mhimili wake una tundu. Ukipitisha pini pale, hauvutiki wala haugeuki. Pini yenyewe ilikuwa imepotea kabla sijafika chuoni, na Mzee Sefu akapinda msumari wa inchi nne ukafanya kazi vizuri tu. Juu yake kulifungwa kitambaa chekundu kinachoning'inia, ili mtu yeyote akiingia akione. Mimi nilikuwa natia msumari jioni, yeye anautoa asubuhi. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na haukuandikwa popote.

Jumatatu ya wiki ile kitambaa chekundu kilikatika. Kilikuwa kimechakaa hadi kuwa nyuzi. Nilitafuta chekundu kingine stoo, hakuna. Nikakata ukosi wa ovaroli kuukuu ya kaki, nikaushona kwa uzi mweusi, nikajiambia Jumamosi nitakwenda sokoni kwa fundi cherehani kuomba kipande chekundu. Sikumwambia mtu. Kwa nini nimwambie mtu habari ya kitambaa? Nimejiuliza swali hilo jikoni, kanisani, katika leba mara tatu. Ndani ya ndege ile kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi, na kaki ilipotelea humo. Jumanne na Jumatano Mzee Sefu alitoa msumari kwa mazoea ya mkono wake, hakuuliza lolote. Alhamisi, ng'ombe walivamia njia ya kurukia.

Nehemia alikuwa aruke peke yake, mara yake ya tatu. Mzee Sefu alikuwa ameshainama mlangoni mwa ndege kutoa msumari pale wachungaji walipoanza kupiga miluzi. Akainuka, akaenda kusaidia kuswaga ng'ombe, akarudi anahema, akachungulia tena. Macho yake yalitafuta chekundu. Hayakuona chekundu, akajua ameshautoa. Mimi nilikuwa chini ya bawa nafungua kamba, hatua tatu kutoka pale, na nilisikia kila kitu. Nehemia alikaa, akaanza orodha yake. "Mafuta, sawa. Mkanda..." Mzee Sefu akamkaza mkanda mwenyewe, kama anavyovishwa mtoto sweta. Mkono wa Nehemia ukanyanyuka kuelekea usukani.

"Nimeshakagua, mwanangu," Mzee Sefu akasema. "Upepo unazidi. Nenda."

"Ahsante, baba," Nehemia akajibu, na mkono ukarudi gotini. Mlango ukafungwa. Ndege ikiwa chini huongozwa kwa pedali za miguu, siyo kwa usukani, kwa hiyo alikwenda hadi mwanzo wa njia bila shida, akageuka, akatupungia. Nami nikapunga.

Ilipopita alama ya nusu ya njia nilijua kuna kitu. Pua ilikuwa chini bado. Niliutazama mkia, nikaona kile kibawa cha nyuma hakitikisiki kabisa, kimekaa vilevile kilivyokaa usiku kucha, na palepale nikaukumbuka ukosi wa ovaroli. Nikapiga kelele. Nani asikie, na injini ile? Alikuwa anakwenda kasi zaidi na zaidi, mtu anayevuta kitu kwa nguvu zake zote anaamini tu kwamba kitakuja. Alikata injini amechelewa. Mwisho wa njia kulikuwa na ua wa miiba na nyuma yake korongo. Ndege ilipita kwenye ua, ikazama pua, mkia ukapinduka juu. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na vumbi, na ukimya, na ng'ombe mmoja analia.

Nilikimbia hadi nikatapika, nikakimbia tena. Mzee Sefu alifika kabla yangu, mzee wa umri ule. Nehemia alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, macho wazi, mguu wa kulia umebanwa mahali ambapo mguu hauwezi kukaa. Alikuwa anasema neno moja, "Haiji, haiji." Mzee Sefu aliingiza mkono ndani, nikadhani anafungua mkanda. Mkono ulipotoka nikaona ncha ya kaki katikati ya vidole vyake. Akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima umekuwa mtupu namna ile. Akatia mkono mfukoni, akasema, "Nenda ukachote maji." Nikaenda kuchota maji. Naomba msomaji anielewe: niliona, nikaelewa, na nikaenda kuchota maji.

Siku mbili baadaye aliniita stoo ya vilainishi. Alikuwa ameandaa chai, vikombe viwili juu ya pipa, na hatukuigusa. "Binti yangu," akaniambia, "nikisema msumari, wataniuliza kitambaa. Nikisema kitambaa, watakuuliza wewe. Tutaangamia wote wawili, na mguu wake hautarudi." Walikuwa wameshaukata juu ya goti. Nikamwambia, "Lakini, baba, atasema usukani ulikataa." Akasema, "Atasema." Na machozi yakamtoka, akayaacha yashuke hadi kwenye ndevu bila kuyafuta. Ningeweza kumchukia siku ile na mambo yangekuwa mepesi. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, na huruma mbili hizo zikamla Nehemia.

Wakaguzi walikuja wawili. Walipima matairi yaliyoburuza, wakapiga picha, wakauvuta usukani wa ndege iliyovunjika, ukaja vizuri kabisa. Waliniuliza kama nilifungua kamba zote. Nikasema ndiyo, zote. Hilo lilikuwa kweli. Kapteni Joakimu aliwaambia kijana alikuwa hodari, hakuamini, lakini akaukunja uso alipoona usukani unavutika. Wakaandika ripoti.

Nilikuwepo hospitalini siku walipompa baba yake Nehemia majibu. Nilikuwa nimepeleka uji wa uwele kwenye chupa ya chai, nimekaa pembeni ya kitanda, Nehemia amegeukia ukutani. Mzee Yona alikuwa ametoka Kibakwe na kofia yake ya kanisani, na masikio yake yalikuwa mazito; ulimwamkia kwa kupiga kelele. Mkaguzi alikuwa mtu mstaarabu, alianza kwa sauti ya chini.

"Ati nini?" Mzee Yona akauliza.

"Nasema hakuvuta usukani, mzee. Alishikwa na hofu."

"Sikusikii, mwanangu."

Mkaguzi akatazama huku na huku, akainama karibu na sikio lake, akapaza sauti. "Mwanao aliogopa! Aliogopa, hakuvuta!"

Wagonjwa wakageuza vichwa. Muuguzi alisimama na trei yake. Mzee Yona aliitikia kwa kichwa polepole, akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kumpapasa mwanawe mgongo. "Siyo kitu," akamwambia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Siyo kitu, baba. Hata mimi ningeogopa." Nehemia hakugeuka. Niliona tu mgongo wake unavyokaza chini ya mkono ule.

Mzee alipotoka kwenda kusali na wenzake nje, Nehemia akanigeukia. Midomo ilikuwa imepasuka. "Tabitha, nilivuta," akasema. "Kwa mikono miwili. Haikuja. Wewe unaamini kwamba nilivuta?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na nilikuwa nalo. Nikasema, "Kunywa kwanza. Pumzika." Akanitazama kama mtu anayefunga mlango, akapokea kikombe, akanywa. Hakuniuliza tena. Kabla mvua hazijaanza chuo kikafungwa, nami nikaomba kazi ya stoo mjini. Aliniandikia barua mbili kutoka Kibakwe, za salamu tu, amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Nilimjibu ya kwanza. Mzee Sefu sikumwona tena, tulitumiana salamu kwa watu, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Nilidhani aliutupa msumari. Sasa najua aliuweka miaka yote hii, na sijui ilikuwa adhabu yake au alikuwa akisubiri mmoja wetu apate ujasiri. Alisubiri hadi akafa.

Kibakwe nilifika saa nne asubuhi, kopo liko kwenye kikapu chini ya khanga. Nyumba ya mwalimu Nehemia nilionyeshwa na kila niliyemuuliza. Alikuwa barazani anachambua maharage, mvi kichwa kizima, mkongojo umeegemezwa ukutani. Alinijua kwa sauti. "Tabitha! Habari za miaka?" Akafurahi, jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Mkewe, Mama Upendo, akaleta chai na viazi vitamu, akarudi jikoni. Tukaulizana watoto, wajukuu, mvua. Nikamwambia Mzee Sefu amefariki, akasikitika kweli, akasema yule mzee alikuwa akimkaza mkanda kama mwanawe. Nikaona kwamba nikinywa chai ile yote sitasema kamwe. Nikatoa msumari nikauweka juu ya maharage.

Aliutazama, akaupindua kwa kidole. "Hiki nini?"

"Msumari wa usukani," nikasema. "Ulikuwemo."

Mikono yake ikanyanyuka mbele ya kifua, yenyewe, ikashika kitu ambacho hakipo, ikavuta. Mara moja. Mara ya pili. Ikabaki hapo. "Kwa hiyo nilivuta," akasema.

"Ulivuta, Nehemia. Usukani ulikuwa umefungwa. Kitambaa nilishona mimi, nikaweka kaki badala ya chekundu, na Mzee Sefu hakukiona. Aliutoa msumari baada ya ajali, akauficha. Nilimwona. Nilijua siku ileile."

Nilitaka anipige. Nilitaka anifukuze na kikapu changu. Akaita, "Mama Upendo, njoo." Mkewe akatoka anajifuta mikono. "Mwambie," Nehemia akaniambia. Nikamwambia. Mwanamke yule aliketi chini pale mlangoni, akamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Nehemia akatoa simu, akampigia binti yake aliyeko Dodoma, akaweka sauti ya nje. "Mwambie na huyu." Nikamwambia. Binti akauliza, "Sasa kwa nini hukusema, mama?" nami nikarudia yaleyale. Akapita mzee wa kanisa na jembe begani, akaitwa. "Mwambie." Kila mara nilianza upya, msumari, kitambaa, mkono uliorudi gotini, hadi sauti ikaanza kunikauka na chai ikafanya utando. Nehemia hakulia wala hakunisamehe. Alisikiliza kila mara kwa makini, na kila nilipofika pale pa kusema alivuta, alifumba macho.

Mwishoni akachukua mkongojo wake. "Twende nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba linaloteremka bondeni, na katikati ya maharage kaburi la saruji, limeoshwa na mvua nyingi. Jina la Mzee Yona lilichorwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. "Alikuwa ananipigania kwa watu hadi anakufa," Nehemia akasema. "Mtu akinicheka, anamwambia muacheni mwanangu, hofu ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mwambie na yeye."

Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo, baba. Nikasema mimi ni Tabitha, yule wa uji. Nikasema mwanao hakuogopa, mwanao alivuta, na nikabaki nanong'ona peke yangu na udongo.

"Paza sauti," Nehemia akasema nyuma yangu. "Unajua alikuwa hasikii."

Nikavuta pumzi, nikainama karibu na saruji, nikasema tena kwa sauti kubwa kama ya mkaguzi siku ile wodini, hadi watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya bonde wakanyoosha migongo, wakasimama na majembe yao kutusikiliza.